Mvua ya Gisozi, Ngoja Kidogo

Gisozi, Kigali
9 Februari 2025

Mwanangu Christella,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananilalamikia nikipanda kilima. Mama Pretty wa jirani anakusalimu. Kuku wake bado wanalala kwenye banda langu la mbao, na nikimwambia anasema si yeye aliyewatuma. Kile kiti chako kifupi cha uani nimekibadilisha mguu mmoja, kwa hiyo hakiyumbi tena. Sijui kama utapenda. Nakumbuka ulikuwa unakiyumbisha makusudi.

Barua hii ataichukua Ismaël, yule dereva wa basi la Mwanza. Nilipomwambia nitampa bahasha alicheka pale stendi ya Nyabugogo mbele za watu. "Mzee Bosco, dunia yote iko inatuma meseji, wewe bado uko na bahasha kama padri." Nikamwambia kazi yake ni usukani.

Wewe unajua kwa nini naandika. Tangu siku ile uliponipigia nikiwa mpakani Rusumo simu yangu imezimwa, iko kwenye droo chini ya misumari. Hata ikilia ya mtu mwingine sokoni, moyo wangu unaanza kukimbia, mikono inalowa, pumzi inakuwa fupi. Nilidhani ni ugonjwa wa moyo. Daktari wa kituo cha afya alinipima akasema moyo ni mzima, hiki ni kihoro kilichogeuka hofu. Akanielekeza kwa kikundi kimoja huko Muhima kinachotibu hofu kwa muziki.

Nilicheka, mwanangu. Halafu nilienda.

Anayetuongoza anaitwa Iteka, msichana wa Bujumbura aliyeisomea kazi hii. Nilifikiri atatuwekea nyimbo za polepole tusinzie. Sivyo. Kwanza tunapiga mapaja kwa viganja, kila mtu kwa mwendo wa moyo wake ulivyo siku hiyo, haraka haraka kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha Iteka anapunguza mwendo kidogo, sisi tunamfuata, anapunguza tena, na baada ya muda unagundua viganja vinatembea tu, na moyo nao umepunguza. Anasema moyo unafuatwa kwanza pale ulipo, ndipo unarudi nao nyumbani.

Baada ya hapo tunaimba. Kila mtu aliambiwa alete wimbo mmoja uliowahi kumtuliza. Mimi nimepeleka ule wa mama yako, wa mvua. Na wana utaratibu wao: wimbo wako hauubebi peke yako. Anapewa mwenzako aujifunze, ili siku hofu ikikukaba koo yeye auanze na wewe umfuate. Wangu anaubeba mama mmoja mjane, jina lake Harriet. Alikulia Uganda, ana duka la vitambaa hapo hapo Muhima.

Kuna neno moja nimekuuliza tangu mazishi na sijapata jibu. Asubuhi ile hospitalini, mama yako alisema nini? Hata kama ni kuomba maji, niambie.

Baba yako,
Jean-Bosco


Mwanza
2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua imenifikia, na Ismaël ameniletea na maparachichi, nusu yalikuwa yameshapondeka lakini nimeyala yote. Mimi sijambo. Kazi pale duka la dawa inaendelea. Bosi ameongeza rafu na amenipa funguo, kwa hiyo sasa mimi ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Huku joto. Mwenzangu wa chumba ameolewa, nimebaki peke yangu, chumba kimekuwa kikubwa.

Nimefurahi kwamba umepata watu wa kukusaidia. Nasema kweli. Hiyo ya mapaja nimeisoma mara mbili.

Lakini Baba, umempa nani wimbo wa mama?

Labda umesahau, ngoja nikukumbushe. Nilipokuwa darasa la nne kulikuwa na sherehe ya shule, kila mtoto aimbe kitu. Nilimwomba mama niuimbe ule wa mvua. Alikuwa anaanua nguo. Alikataa. Alisema, "Huu ni wa uani, mwanangu, hautoki getini." Nililia, nikaimba wimbo wa kanisani kama watoto wengine wote. Tangu siku hiyo sijawahi kuuimba nje ya nyumba yetu, hata bafuni hapa Mwanza siuimbi, kwa sababu bafu ni la wapangaji wote. Na ubeti wa pili ni wangu. Mimi ndiye mtoto aliyekuwa shuleni. Leo nasikia uko Muhima, kwenye duka la vitambaa.

Huyo Harriet alimjua mama? Aliwahi hata kumwona?

Msalimie Mama Pretty. Mguu wa kiti ungeuacha tu.

Mwanao,
Christella


Gisozi
20 Aprili 2025

Mwanangu Christella,

Nimechelewa kukujibu. Basi la Ismaël lilikuwa gereji, kisha ikaingia wiki ya kuwakumbuka waliouawa, na unajua wiki hiyo hapa kwetu maduka yanafungwa mchana na watu wanasema kidogo. Kikundi pia hakikukutana. Leo ni Pasaka. Mvua ya Aprili imeshuka tangu asubuhi na Mama Pretty ameniletea sahani ya ndizi na nyama, nimekula mbele yake ili asikasirike.

Hapana, Harriet hakumjua mama yako. Ila ameniuliza mambo mengi juu yake, na mimi nimegundua kwamba nilikuwa sijaulizwa na mtu. Watu wakikuta mjane wanampa pole halafu wanaongea habari za bei ya mbao. Yeye aliniuliza, "Alikuwa anaimba akiwa anafanya nini?" Nikamwambia habari ya vibanio.

Unakumbuka? Mama yako alipoanua nguo alivichomoa vibanio na kuvibana midomoni, vinne vitano, mpaka anafanana na ndege mwenye midomo mingi. Ubeti wa kwanza aliuimba mikono ikiwa bado mitupu: mvua ya Gisozi, ngoja kidogo, nguo zangu bado ziko kambani. Wa pili aliuimba kwa pembeni ya mdomo: mvua ya Gisozi, ngoja kidogo, mtoto wangu bado yuko shuleni. Alipofika mara ya tatu midomo ilikuwa imejaa, na kilichobaki ni kuvumisha sauti puani. Miaka yote ile nilikuwa nausikia mvumo huo nikipanda njia kutoka karakana, na nikiusikia nilijua chakula kiko karibu. Ubeti wa tatu hauna maneno. Nimewafundisha hivyo hivyo, na Iteka amefurahi sana, kwa sababu kuvumisha mdomo umefungwa ndiyo dawa yao kubwa. Unaweka kiganja kifuani, unasikia mfupa unatetemeka, na pumzi inatoka taratibu yenyewe.

Wiki iliyopita simu ya mtu ililia katikati ya mazoezi. Nilikuwa tayari naangalia mlango. Harriet akasema, "Mzee Bosco, kaa. Roho yako iko inakimbia kama moto ya mkaa, lakini mulango iko pale pale, haiendi mahali." Kisha akaanza wimbo. Nilimfuata kuanzia ubeti wa pili. Kikundi kizima walicheka kwa sababu anasema *mvura*, kama Kinyarwanda chake kinavyomtuma, na mimi nikacheka nao. Sikumbuki mara ya mwisho niliyocheka simu ikiwa imelia.

Huwa ananiletea karanga za kukaanga. Anasema fundi mwembamba anawatia wateja wasiwasi.

Hukunijibu lile swali langu.

Baba yako,
Jean-Bosco


Mwanza
11 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Kazini salama. Mvua huku zimepungua.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kaunta, nikaikunja, nikaenda nyuma kwenye maboksi nikaisoma tena. Naomba uniwie radhi kwa nitakayosema, ila ni bora niyaandike kuliko kulala nayo.

Anasema *mvura*. Mama alikulia Ngara, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama uzi, na alikuwa ananisahihisha mpaka natoa machozi. Sasa wimbo wake unaimbwa na mtu ambaye hawezi kulitamka hata neno lake la kwanza, na watu wanacheka, na wewe unacheka nao. Mimi sipo. Mama hayupo. Harriet yupo, na karanga zake.

Mimi pia nimefiwa, Baba. Hakuna aliyeniuliza mama alikuwa anaimba akifanya nini. Hukuniuliza wewe. Ulipouona ule wimbo unakuponya ulimpa mtu wa nje kabla ya kunipa mimi. Ungeweza kuniandikia, "Christella, njoo unibebee." Ningekuja. Pengine nisingepata ruhusa, lakini ningekuwa nimeitwa.

Naomba urudishe wimbo wetu. Chagua mwingine, nyimbo ni nyingi. Au tafuta kikundi kingine. Sijui unavyoweza kufanya, lakini ule si wa kugawa.

Kuna kitu nauliza tu: hiyo ya kupiga mapaja, mtu akiwa peke yake, anaanza haraka au polepole? Na anajuaje wakati wa kupunguza?

Christella


Gisozi
8 Juni 2025

Mwanangu Christella,

Salamu. Mimi sijambo. Kiangazi kimeanza, vumbi la randa linaruka mpaka kwenye chai. Mama Pretty ameuza majogoo mawili, kwa hiyo asubuhi kuna amani.

Nimefanya ulivyotaka. Jumanne nilimwambia Iteka kwamba sitaendelea, na nikamwambia Harriet kwamba wimbo una mwenyewe na mwenyewe ameuomba. Hakuna aliyenikasirikia. Iteka alisema mlango uko wazi.

Kuhusu swali lako. Anaanza haraka. Usijifanye umetulia, hata kama kuna watu. Fuata moyo kwanza, uupige ulivyo, hata chini ya meza ambako hakuna anayekuona. Wakati wa kupunguza utaujua, kwa sababu viganja vitachoka kabla ya hofu. Punguza kidogo tu, kama mtu anayesubiri mtoto nyuma yake. Ukishindwa, anza tena haraka, si kosa.

Swali lako nimelisoma mara nyingi, Christella. Hilo hukuliuliza kwa ajili yangu. Siulizi zaidi. Jibu nimeliweka tu kando yako, kama ulivyokuwa ukiniwekea glasi ya maji karibu na benchi bila kusema.

Baba yako


Gisozi
24 Agosti 2025

Mwanangu Christella,

Sijapata barua yako tangu ile ya Mei. Ismaël anasema anakuona dukani, anasema umekonda, kisha anasema labda ni koti. Nyumbani wote wazima. Mama Pretty amefunga geti jipya, la bluu, huwezi kulikosa hata ukija macho yamefungwa.

Nakuandikia jambo lililotokea, na naomba usilisome kama lawama.

Juzi nilikwenda Agakiriro, kwenye soko la mafundi, kununua gundi. Nilikuwa nimeinama kwenye duka la bawaba, simu ya kijana mmoja ikalia karibu na sikio langu. Mlio ule ule, Christella. Ule uliokuwa kwenye simu yangu Rusumo, nilipokuwa kwenye foleni ya mpakani na pasipoti mkononi, na wewe ukaniambia nisiharakishe tena. Nilikaa chini kwenye mbao za watu. Nilipiga mapaja, viganja havikukubali kupungua. Nikasema niimbe. Nilifika "mvua ya Gisozi," nikakwama pale. Lile la "ngoja kidogo" halikutoka. Nilirudia mvua, mvua, mvua, na jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu. Watu walidhani nimelewa. Fundi mmoja alisema, "Mzee, mvua iko wapi, unaiitia nini na sisi tuko na mbao nje?" Wakacheka kidogo, kisha wakaona uso wangu, wakaacha. Walinipa maji na kunipakia kwenye pikipiki.

Ndiyo maana ya kubebewa, mwanangu. Nilikuwa sijaielewa vizuri mpaka siku hiyo. Mtu akizama hawezi kujivuta kwa nywele zake.

Harriet alisikia, sijui kwa nani, Kigali watu wanaongea. Alikuja leo baada ya misa, hakuingia ndani, alisimama kwenye geti la bluu akidhani ni letu, Mama Pretty akamleta. Akasema, "Nimekuja kutoa pole, sikai. Na wewe umwambie binti yako, wimbo yake iko safi. Sikuichafua, sikuifundisha mutu. Nikiona wingu nafunga mudomo." Kisha akaondoka. Hakuleta karanga.

Sasa nitakuambia na langu. Umeandika kwamba unamwonea wivu Harriet. Hukulitaja neno, lakini nimekulea, najua mwandiko wako ukibonyeza karatasi. Mimi pia ninao. Nimekuonea wivu wewe mwaka mzima. Mama yako alikuja kwako kukutembelea, akaugua akiwa kwako, na siku zake za mwisho zote zilikuwa zako. Ulimlisha. Ulimchana nywele. Ulisikia alichosema. Mimi nilikuwa na kiti cha basi na simu. Pale makaburini Rusororo nilikutazama ng'ambo ya shimo, na badala ya kuona mtoto aliyefiwa na mama niliona mtu aliyekula chakula changu chote akanyamaza. Ndiyo maana sikukukumbatia vizuri siku ile.

Mwezi ujao ni misa yake ya mwaka. Ukiweza, njoo. Usipoweza, niandikie tu alichosema. Sitauliza tena baada ya hii.

Baba yako,
Jean-Bosco


Mwanza
21 Septemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Sikupata ruhusa ya kuja kwenye misa. Nimeombea hapa, kanisa la karibu na stendi, nikawasha mshumaa na mtu akauhamisha kuweka wake. Nilimwonea wivu hata huyo.

Siyo koti. Nimekonda. Mteja akisema tu "mgonjwa wangu amelazwa," vidole vyangu vinakufa ganzi na nasahau nimeshikilia dawa gani. Bosi amenihamishia kwenye sabuni na mafuta kwa muda, anasema ni kunipumzisha. Nimekuwa nikipiga mapaja chini ya kaunta, kama ulivyosema. Naanza haraka. Siku nyingine inapungua, siku nyingine mteja ananiuliza kama kuna mziki. Nimemwambia mmoja ndiyo, upo, ila ni wa taratibu.

Sasa nitaandika, na nikianza sitasimama kwa sababu nikisimama sitaendelea.

Asubuhi ile ilikuwa na wingu zito. Dirisha lilikuwa wazi. Mama alifumbua macho, na nafikiri alidhani yuko nyumbani, kwa sababu aliniuliza, "Nguo zimeanuliwa?" Nikasema ndiyo mama, zote. Akauliza, "Mtoto ametoka shule?" Nikamshika mkono, nikasema, mama, mimi hapa, ni Christella. Akanitazama sana. Akasema, "Vizuri." Kisha akafumba macho akaanza kuimba. Sauti ilikuwa ndogo, niliinama mpaka sikio likamgusa. Nilingoja aanze na nguo. Hakuanza na nguo. Nikasema basi atauimba wa kwangu. Nilimwomba kabisa, Baba, nilisema, "Mama, niimbie wa shule." Akauruka.

Ubeti wa tatu una maneno. Alikuwa nayo siku zote, nyuma ya vibanio. Ni haya:

Mvua ya Gisozi, ngoja kidogo,
Bosco wangu bado yuko njiani.

Aliurudia huo tu. Huo huo, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake, mimi niliyekuwa sijalala, na alichokuwa anaomba ni mvua ikungoje wewe. Nilipotoka nje kukupigia simu, tone la kwanza liliniangukia kwenye kioo cha simu. Ulipopokea, nilisikia watu wa foleni nyuma yako na mhuri ukigongwa, na nikashindwa kukuambia alichoimba. Kisha siku zikapita, na nikaona kwamba ni kitu pekee cha siku ile nilichobaki nacho, na hata hicho si changu, ni chako. Nimekikalia mwaka.

Rudi Muhima. Mwambie Harriet aubebe, wa kwanza na wa pili. Hata akisema mvura. Wa tatu usimpe, na huo sikuombi, nakuambia.

Mwanao,
Christella


Gisozi
12 Oktoba 2025

Mwanangu Christella,

Barua yako Ismaël aliileta mwenyewe mpaka uani. Aliniona nikiisoma, akazima injini ya pikipiki aliyokuja nayo, akakaa kwenye kiti chako kifupi bila kusema neno, na wewe unajua kukaa kimya kwa Ismaël ni kazi nzito.

Mama Pretty mzima. Mvua zimeanza.

Nimeusoma ubeti huo kila siku na nimekuwa nikiufikiria, na nina neno la kukuambia. Hakukuruka. Rudia uliyoyaandika wewe mwenyewe. Aliuliza nguo, ukamwambia zimeanuliwa. Akauliza mtoto, ukamshika mkono ukamwambia mimi hapa, na akasema vizuri. Miaka yote ile, uliporudi shule na kutupa begi mlangoni, umewahi kumsikia akiuimba ubeti wa pili? Hakuuimba. Aliuacha siku hiyo mpaka kesho yake. Hakuna anayeiomba mvua imngoje mtoto ambaye ameshafika. Wewe ulikuwa umefika, Christella. Aliyebaki nje nilikuwa mimi tu.

Mimi niliyekuwa nakuonea wivu nimebaki nikijiona mjinga, lakini mjinga aliyelala vizuri.

Nimerudi Muhima. Harriet ameubeba wa kwanza na wa pili. Nilimwambia wa tatu umepata maneno na kwamba siruhusiwi kumfundisha. Alisema, "Sawa. Hiyo ni ya muke yako na binti yako, mimi nitabaki na nguo na shule." Tulipofika hapo yeye na wengine walivumisha midomo imefungwa, kama zamani, na mimi nikauimba peke yangu chini ya sauti yao, maneno yote, mpaka kwenye *njiani*. Hakuna aliyeyasikia. Nilitetemeka lakini nilifika.

Mwezi wa kumi na mbili omba ruhusa mapema. Iteka anasema mgeni anapokelewa, na kuna kiti. Ukija utaubeba wewe, na Harriet atabeba mwingine. Ameshakubali. Amesema tu uje na masikio, Kiswahili chake hatakibadilisha.

Simu nimeitoa kwenye droo. Nimeipangusa unga wa mbao na nimeichaji kwa Mama Pretty. Mlio nimebadilisha. Jumapili baada ya misa nitakuwa uani, nitakuwa nimekaa, viganja vikiwa mapajani. Piga.

Nikipokea usiniamkie, wala usiniulize hali. Anza na mvua, nami nitakufuata.

Baba yako,
Bosco